Kulivisha Gari la Baba

Nina kawaida ya kuandika mambo ya siku, mistari miwili mitatu, bila mpangilio. Shule niliishia darasa la saba, kwa hiyo mtu asitafute hapa maneno ya kisomi. Hili la gari nimelianza mara nyingi nikaliacha, kwa sababu kila nikilisoma naona nimempendelea mtu. Mara nimempendelea baba, mara kaka, na mara nyingi zaidi nimejipendelea mwenyewe. Safari hii nitaliandika lilivyo, na kama nimekosea kumhukumu mtu, basi anisamehe, au asinisamehe, ni haki yake.

Gari lenyewe ni la viti viwili, la michezo, fupi, limekaa chini kama paka anayevizia. Baba zamani alikuwa dereva wa mhandisi mmoja wa kigeni aliyekuja kutengeneza barabara huku kwetu. Yule bwana alipoondoka alimwachia lile gari, kadi na funguo, mkono kwa mkono. Lilikuwa jekundu, jekundu la buni iliyoiva. Mama alipelekwa nalo hospitali ya Nyakahanga siku ya kunizaa mimi, paa likiwa limefunguliwa, na inasemekana wanawake wa kijijini kwetu Kiruruma walisimama kando ya njia wakapiga vigelegele wakidhani ni arusi. Sijui kama ni kweli. Ndivyo baba anavyosimulia, na mama hayupo tena wa kuulizwa.

Baadaye vipuri vikakosekana, likaingizwa kwenye banda la kahawa, likakaa. Mbuzi wamelala ndani yake. Kuku wametaga kwenye kiti cha dereva. Chasisi ilibaki imara na injini haikufa kabisa, lakini bati la bodi lililiwa na kutu mpaka ukilibonyeza kwa kidole, kidole kinapita. Baba hakukubali liuzwe kama chuma chakavu. Wanunuzi wa vyuma walikuja na mizani yao mara kadhaa, wakafukuzwa.

Mimi ni fundi bodi, nina kigereji Bugene. Kazi yangu kubwa ni bampa za mabasi na Noah zilizopasuka. Nazishona kwa faiba, zile nyuzi za kioo na gundi, napiga msasa, napaka rangi. Kaka yangu mkubwa anafanya kazi ya ofisini Dar es Salaam. Ndiye aliyempata huko fundi mwenye kalibu za magari ya zamani, anayetengeneza bodi nzima kwa faiba. Akaagiza boneti, madigadi mawili ya mbele, milango na mfuniko wa buti. Akalipa yeye, akasafirisha yeye. Hilo naliandika mapema ili lisije likasahaulika nikianza kumlaumu.

Sasa sababu ya haraka yangu. Kabla vitu havijafika, nilimpeleka baba kupimwa macho. Daktari alimwelezea kwa upole kabisa kuwa ni presha ya macho. Akasema, "Mzee, kilichopotea hakirudi. Hii dawa ya matone ni ya kulinda kilichobaki, na kilichobaki si kingi." Tulirudi na bodaboda moja, baba katikati, mimi nyuma nimemshika. Tulipokaribia nyumbani akamwambia dereva asimame, tukashuka, tukatembea ile njia ya kupita kwenye kibanja, chini ya migomba.

Akasema, "Kaka yako usimwambie."

"Kwa nini, baba?"

"Atanihamishia kwake, ghorofani. Nitakaa kwenye kochi nasikiliza lifti." Akatembea kidogo. "Nataka nilione lile gari likiwa zima. Mara moja tu. Baada ya hapo macho yaende yanakotaka."

Nikamuahidi. Ahadi zenyewe zilikuwa mbili ndani ya moja, kunyamaza na kuwahi, na mimi sikuona kwamba moja itaipiga mwenzake.

Mizigo ilipofika kwa basi, kaka alipiga simu jioni hiyo hiyo. Naikumbuka sauti yake, alikuwa na furaha kweli. "Dogo, sikiliza. Usiviache vimelala chini. Faiba mpya ni kama kichwa cha kitoto kichanga, ukikilaza upande mmoja kinakuwa bapa. Vifunge kwenye gari mapema, hata kwa bolti mbili mbili, vishike umbo."

"Sawa, kaka. Nimesikia."

Na nilisikia. Nilianza na milango, kwa sababu mlango ndio unaokuambia kila kitu kingine kikae wapi. Ukianza na boneti utakuja kujikuta unakata mlango. Kingo za faiba ilibidi zipunguzwe kwa grenda, na vumbi lake linawasha kuliko upupu. Nilikuwa nalala na shati la mikono mirefu. Unatoboa pole pole, unaweka wosha pana ili bolti isile faiba, unakaza nusu, unakwenda upande wa pili unaangalia mwanya, unarudi unalegeza. Kazi ya kubembeleza. Baba alikuwa anakaa kwenye kreti la soda mlangoni mwa banda, ananiambia, "Mlango wa kulia ulikuwa na tabia ya kushuka, uinue kidogo." Na alikuwa sahihi.

Milango na mfuniko wa buti vilikuwa vimekaa, madigadi yamening'inia kwa bolti mbili mbili kama kaka alivyoagiza, boneti ndiyo ilikuwa inafuata, ndipo shangazi akafariki. Dada yake mkubwa baba, alikuwa akikaa kwetu. Kwetu msiba ukiwa nyumbani jembe halishikwi wala nyundo haigongwi. Hakuna aliyenikataza kwa mdomo. Hakuna haja ya kumkataza mtu jambo analolijua. Nikachomoa grenda, nikafunga zana, nikaegesha boneti ukutani, nikaenda kwenye mambo ya mazishi.

Rubisi, pombe yetu ya ndizi, ya kumalizia msiba ilikuwa jukumu la baba mdogo. Huyu ni mdogo wake baba, na kwa kukamua ndizi hana mwenzake Kiruruma yote. Sasa ule mtumbwi wa mti wanaokamulia, uliorithiwa kutoka kwa babu, ulikuwa umepasuka tangu kiangazi. Akatafuta wa kuazima, wa jirani ulikuwa na pombe ya jirani. Akapita bandani.

Nilirudi kutoka mjini Kayanga kununua sukari ya chai ya wafiwa, nikasikia wanaume wanaimba ule wimbo wao wa kukamua. Nyuma ya nyumba nikakuta boneti imelazwa chali, imejaa ndizi mbivu na nyasi, na wanaume watatu wako ndani, suruali zimekunjwa mpaka magotini, wanakanyaga.

"Baba mdogo! Mnafanya nini?"

"Tunakamua. Hujawahi kuona rubisi ikikamuliwa?"

"Hiyo ni boneti ya gari!"

Akaangalia chini ya miguu yake. Akaangalia kushoto na kulia, kama mtu aliyeambiwa amevaa nguo ya mwenzake. "Hii? Mimi nimeona mtumbwi mweupe, laini, mdomo mpana. Nikasema huyu mtoto wa Dar ana akili, katuletea mtumbwi usiopasuka."

"Na unateleza vizuri, waitu," akasema mmoja wa wale wakanyagaji, bado anakanyaga.

Wanawake waliokuwa wakimenya ndizi za kupika wakaficha nyuso kwenye khanga, msibani hawaruhusiwi kucheka, mabega yakawa yanaruka. Mimi sikucheka. Nasema kweli nilitaka kulia, lakini ukilia msibani watu wanadhani unamlilia marehemu, wanakuja kukushika. Ungemkasirikiaje baba mdogo? Alikuwa anamtumikia dada yake kwa njia anayoijua. Faiba hajawahi kuiona. Kitu chenye umbo la mtumbwi, kiko bandani kwa kaka yake, msiba ni wao wote. Aombe ruhusa kwa nani?

Ile rubisi ilinuka gundi ya faiba mpya. Siku ya kumaliza msiba mzee mmoja alionja, akatema, akasema, "Marehemu mmemsindikiza kwa petroli?" Hakuna aliyerudia kikombe. Baba mdogo, aliyekuwa akisifiwa tarafa nzima, alikaa peke yake karibu na mtungi wake uliojaa. Kwa hiyo na yeye alipata hasara yake, naliandika hilo pia.

Lakini boneti ilikuwa imekwisha. Uzito wa watu watatu na ndizi, kisha maji ya moto waliyooshea, kisha waliigeuza ikaachwa juani juu ya mawe matatu. Nilipoiweka juu ya gari, kona ya kulia ilikaa kama imezaliwa pale. Ya kushoto ilinyanyuka, unaweza kupitisha kiganja. Nikiikandamiza kushoto, kulia inaruka. Katikati imebonyea kidogo, kama tumbo la mtu aliyelala njaa.

Nikampigia kaka, nikamweleza yote. Kwanza akacheka. Kisha akasema, "Nilikuambia usiiache chini."

"Kulikuwa na msiba, kaka. Ningegonga?"

"Bolti mbili hazihitaji nyundo, dogo. Spana haina kelele."

Spana kweli haina kelele.

Akasema, "Usiiguse. Irudishe kwenye basi, huyu fundi atanitolea nyingine. Ana kazi nyingi, itachukua muda, lakini itakuwa sawa. Hili gari ni adimu, tusilifanyie kienyeji."

"Muda ni mrefu."

"Mrefu kwa nani? Gari limekaa bandani maisha yetu yote. Kuna nini sasa?"

Baba alikuwa ameketi kwenye kreti lake, karibu nami, anasikia kila neno. Akanigeuzia uso na kutikisa kichwa, hapana. Nikasema kwenye simu, "Hakuna kitu. Ni vile tu baba anatamani kuliona."

"Ataliona! Jana nimeongea naye, anasema macho yake yalikuwa yanawasha tu, na matone yanamsaidia."

Nikarudia kumtazama baba. Yeye alikuwa anatazama huko kwenye kahawa, au uso wake ulikuwa umeelekea huko.

Sikuirudisha boneti. Nilimwambia kaka nitajaribu kwanza kuinyoosha, na yeye akasema haya, utajua mwenyewe, kwa ile sauti ya mtu aliyenuna. Kwa macho ya ufundi yeye ndiye aliyekuwa sahihi, sipingi. Faiba ikishapinda hivyo, dawa ni mpya. Lakini mimi nilikuwa namwona baba. Alianza kugeuza kichwa pembeni kama kuku ili aone kwa kona ya jicho. Alianza kukanyaga waya wa grenda. Kutoka nyumbani kuja bandani alikuwa anapita akigusa miti ya kahawa mmoja mmoja, na ukimsalimu, mpaka useme neno la pili ndipo anakutaja jina.

Niliigeuza boneti, nikaichana kwa ndani mistari, nikaivuta kwa kamba na mawe mpaka ikakaribia umbo, nikajaza mkeka mpya wa faiba na gundi. Ulikuwa msimu wa mvua. Asubuhi ukungu wa kwetu unakaa mpaka jua limepanda, na gundi ya faiba kwenye baridi haishiki. Inabaki inanata kama uji. Ukizidisha dawa ya kugandisha inachemka na kupasuka. Nilipasua mara moja, nikaibandua, nikaanza upya. Majirani wakipita wanaita kutoka njiani, "Fundi! Rubisi tayari?" Mwanzoni nilikuwa najibu. Baadaye nikaacha.

Mwishowe ikakaa. Si vizuri. Kushoto ulibaki mwanya wa kidole ambapo kulia ni wa unene wa sarafu. Lakini lilikuwa gari. Mtu akisimama mbele yake angesema ni gari zima. Rangi nilikuwa sijapiga, kwa sababu ya unyevu. Lilikuwa jeupe lote, hata bati la nyuma nililokwisha kuliziba kwa faiba, na mabaka ya kijivu ya praima pale nilipotengeneza. Nikafikiri, asubiri rangi? Mvua ile ilikuwa haina dalili ya kukoma. Nikaona aone umbo kwanza, rangi itafuata. Kama ni kosa, basi ni hapo.

Tulilisukuma nje siku ya Jumapili, watu wametoka kanisani, baba mdogo na vijana wake wawili wakisaidia. Hakukuwa na jua wala mvua. Baba alivaa koti lake la ibada. Nilimshika mkono nikamsimamisha mbele ya gari, hatua chache tu. Akasogea, akaweka mikono miwili juu ya boneti, akaipapasa pole pole mpaka kwenye taa, akarudi. Uso wake ukafunguka.

"Eeh," akasema. "Eeh, mwanangu. Umeupata wekundu wenyewe."

Nilisikia mmoja wa wale vijana akivuta pumzi.

"Huu ndio," baba akaendelea, anapangusa ile boneti nyeupe kwa kiganja. "Buni iliyoiva. Nilikuwa na hofu mtanipakia ile nyekundu ya siku hizi, ya pikipiki. Mdogo wangu, si unaona?"

Baba mdogo alinitazama. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, ile anayotumia akiulizwa kama ndizi ziko tayari, "Naona, kaka. Imeiva. Imeiva kabisa."

Nilimheshimu sana baba mdogo dakika ile. Na mimi nikasema, "Ndiyo, baba." Ni maneno mawili tu, na nilikuwa na nia ya kuishi nayo.

Simu ikaita. Nilikuwa nimemuahidi kaka kumwonyesha kwa video, na sikukumbuka kuizima. Ilikuwa mkononi mwa kijana wa baba mdogo aliyekuwa akipiga picha, akapokea kabla sijamfikia, akaielekeza kwenye gari.

"Wee! Kumbe limesimama!" Sauti ya kaka ilijaa pale uani. "Shikamoo baba! Hongereni! Dogo, mbona bado jeupe? Ulisema utapiga rangi. Na ile boneti kushoto imenyanyuka, naiona hadi huku."

Baba hakuondoa mikono. Aliiacha pale pale. Niliona vidole vyake vikitembea kuelekea kushoto, vikaukuta ule mwanya, kimoja kikaingia.

"Ni jeupe?" akauliza. Hakumuuliza kaka. Alimuuliza yeyote.

"Baba, rangi ni kwa sababu ya mvua..." nikaanza.

"Nimeuliza ni jeupe?"

"Ni jeupe, baba."

"Halo? Halo?" kaka alikuwa anasema. "Mbona kimya? Nimesema nini?"

Hakusema kitu kibaya. Nimelirudia hili kichwani mara nyingi, kitandani, barabarani, nikipiga msasa bampa za watu. Alisema alichokiona. Alikuwa yuko mbali na aliona, na mwenye gari alikuwa anagusa na hakuona, na aliyejua yote mawili ni mimi, niliyefungwa mdomo na huyo huyo ninayemlinda. Kila nikimtafutia kaka hatia sioni. Lakini sijaacha kumchukia kwa ile sauti yake yenye furaha. Sijui jambo hilo linaitwaje.

Baba alisema, "Nipelekeni ndani." Hakukubali mkono wangu. Alimpa baba mdogo.

Kaka alikuja mwenyewe, kwa basi, baada ya kuambiwa na watu wengine. Alinikuta gereji Bugene. Sikupata hata kumwambia shikamoo. "Mmenifanya mjinga," akasema. "Mzee anapofuka, mimi nahangaikia mwanya wa boneti! Ningeacha kila kitu. Ningempeleka popote."

"Ndicho alichokuwa anakiogopa."

"Na wewe ukakubali? Wewe ni nani wa kukubali?"

Lilikuwa swali zuri. Daktari alishasema hakuna popote pa kupelekwa, lakini hilo si jibu la alichouliza.

Alikuwa amekuja na makopo ya rangi aliyochanganyiwa Mwanza kufuata picha ya zamani. Tulikwenda wote kwa baba, tukakaa kitini mbele yake kama watoto walioitwa. Kaka akamwambia rangi imepatikana, ile yenyewe, akaeleza ilivyochanganywa. Baba alisikiliza mpaka mwisho.

"Pakeni mnayoiona ninyi," akasema.

"Lakini baba, ni gari lako."

"Nimesikia."

Tukalipaka. Mvua ilikuwa imepungua. Mimi nilishika bunduki ya rangi, kaka alikuwa ananibebea mpira wa hewa usiguse bodi, na alifanya vizuri, bila uzembe. Tulikuwa tunasemezana ya kazi tu: sogea, shika, bado huku. Wekundu ulitoka sawasawa, nadhani. Mtu akiniuliza kama ulikuwa ule wa zamani, siwezi kuapa, nilikuwa mdogo. Pale kwenye mwanya wa kushoto rangi iliingia ndani, ikafanya kivuli, ukiwa mbali huoni.

Harufu yake ilivuka uani ikaingia nyumbani. Baba mdogo alitoka, akasimama dirishani kwa nje, akatutazama sisi na lile gari linalong'aa. Kutoka ndani tulisikia sauti ya baba ikimwambia alifunge hilo dirisha. Akalifunga.